Kofi Katika Tahiyatu

Mume wangu ni fundi wa lifti, na tangu nimjue hajawahi kupanda lifti kwa raha kama watu wengine. Anaingia, anatega sikio, anakunja uso, kisha anakuambia ni wapi panataka grisi. Tulipokwenda kumwona mjukuu wetu wa kwanza hospitalini, mimi roho yote iko kwa mtoto, yeye kajibanza kwenye kona ya lifti kalaza kiganja ukutani kama daktari anayesikiliza kifua.

"Breki inavuta upande," akasema.

"Baba watoto, leo wewe ni babu, si fundi."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. Kazini wanamwita Sikio, na jina limemkaa. Ni mtu wa maneno machache na kiburi kingi, ila kiburi chake kiko kwenye kazi tu. Ukimwambia shati lake limechakaa atacheka. Ukimwambia lifti yake imetikisika, utamnyima usingizi.

Kazi yake mimi nimeijulia kwenye beseni la kufulia. Katika mfuko wa kifuani wa shati lake, siku zote za ndoa yetu, nimekuwa nikikuta waya mfupi mwekundu wenye vibanio huku na huku. Mara ya kwanza niliutia kwenye taka. Alifoka siku hiyo mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Alipopoa alinikalisha akanieleza, na toka siku hiyo sijawahi kuutazama ule waya kama waya tu.

Kila mlango wa lifti, aliniambia, una kufuli lake dogo. Mlango usipofunga sawasawa, lifti haiendi, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu. Lakini fundi akitaka kuipima, inambidi aiendeshe milango ikiwa wazi. Basi anaubana ule waya kwenye mitambo, na waya unaidanganya lifti kwamba milango yote imefungwa. Akimaliza, anautoa na kuurudisha mfukoni, kifuani, mahali anapousikia.

"Na ukiusahau?"

"Lifti itaondoka na kuacha mlango wazi. Mtu atakuja, ataona mlango umefunguka, ataingia. Ndani hamna kitu, mke wangu. Ni shimo mpaka chini."

Mimi ni mwoga, sikatai. Naogopa radi, naogopa mbwa, naogopa simu ikilia alfajiri. Kwa hiyo nilijitwalia kazi ambayo hakuna aliyenipa: kila akirudi nyumbani, kabla ya kumpa hata maji, napapasa kifua chake kama askari wa mlangoni. Yeye alidhani ni mahaba. Nilimwacha adhani hivyo, maana kidogo yalikuwamo.

Nyumbani tunasali pamoja, yeye mbele, mimi nyuma yake kwenye mkeka wangu. Siku moja, katika sala ya Isha, alimaliza rakaa ya pili, na badala ya kukaa kwa ajili ya tahiyatu ya kwanza akanyanyuka moja kwa moja. Sasa, imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake husema "Subhanallah." Mwanamke hasemi. Mwanamke hupiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, mara moja, naye imamu anajua kuna jambo. Nikapiga. Alikuwa ameshasimama wima, na aliyekwisha simama harudi tena chini, kwa hiyo akaendelea, na mwishoni akaleta sijida mbili za kusahau, mambo yakaisha.

"Umenipiga kofi la kwanza tangu tuoane," akaniambia tulipotoa salamu.

"Na lilikuwa linakungoja siku nyingi," nikamjibu, tukacheka.

Kila mtu husahau. Lakini wiki iliyofuata alisahau tena, na baada ya hapo tena. Siku nyingine alikaa pasipo mahali pa kukaa. Siku nyingine alikaa kwenye tahiyatu ya mwisho asitoke, kimya, mgongo umenyooka, nami nyuma yake nimeshamaliza kila nilichokuwa nacho cha kusoma. Nikapiga kofi, na mabega yake yakashtuka kama ya mtu aliyeamshwa. Mzaha wa makofi ulikauka wenyewe. Tuliacha kucheka pasipo kukubaliana kwamba tunaacha.

Nilianza kumchunguza. Alitia sukari kwenye chai, akakoroga, akatia tena. Alimpigia binti yetu simu na alipopokea akamuuliza yeye ni nani. Usiku nililala nikisikiliza pumzi zake, na hofu imenikaa kifuani kama mtu mzima. Sikuogopa kwamba atanisahau mimi. Hilo lilikuja baadaye. Niliogopa ule waya.

Wakati huohuo nilikuwa nahudhuria darsa ya akina mama, na mwalimu wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuuzia sokoni, aliamua tusiende mbele mpaka tuyaelewe yale tunayoyasema kila siku. Tulipofika kwenye tahiyatu, akatuuliza, "Mnapokaa pale, mnafanya nini?"

Mmoja akajibu, "Tunapumzika magoti, mwalimu." Darsa zima likaangua kicheko, yeye mwenyewe mbele.

"Mnatoa salamu," akasema alipopata pumzi. "Kwanza mnasema maamkizi yote, sala na mema yote ni ya Mwenyezi Mungu. Halafu mnamsalimu Mtume, mnamtakia amani na rehema na baraka. Kisha mnasema: amani iwe juu yetu, na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu. Ndipo mnaposhuhudia na kuinua kidole. Hebu tusimame hapo kwenye waja wema. Ni akina nani hao?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mtume alifundisha kwamba ukiyasema maneno hayo, yanamfikia kila mja mwema mbinguni na ardhini. Kila mmoja. Aliyekufa na aliye hai. Humjui, hakujui, salamu yako imemfikia. Sasa ole wako unamtakia amani mtu kwenye mkeka, ukishatoka hapo unamwekea mwiba njiani."

Wenzangu walitikisa vichwa kwa utamu wa maneno. Mimi niliufikiria ule waya.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mume wangu yote. Alinisikiliza huku anapangusa bisibisi zake, moja baada ya nyingine.

"Mpaka mama yako namsalimu mle?" akauliza.

"Kama ni mja mwema."

"Basi salamu zimepungua moja."

Sikucheka. Akaweka bisibisi chini.

"Sema," akaniambia.

"Nenda kwa msimamizi wako. Mwambie unasahau. Twende kwa daktari."

"Wataniambia nikae nyumbani. Nikae nifanye nini? Nihesabu mbu?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kitaniumbua mimi, si wewe."

"Hakitakuumbua wewe!" Nilisikia sauti yangu imepanda. "Wewe utakuwa umeshuka kwa ngazi na mfuko wako wa vifaa, unarudi kwangu kunywa chai. Kitamuumbua mtu aliyebonyeza kitufe."

Nilidhani atafoka, na ningefurahi kama angefoka. Badala yake akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Unadhani sijui? Hapa nikikosea nina wewe wa kunipigia kofi. Kule juu niko peke yangu na mitambo. Kila nikishuka napapasa mfuko. Nikifika njiani napapasa tena. Naogopa, mama watoto. Naogopa mpaka mikono inatetemeka, na mikono ikitetemeka ndipo ninapokosea."

Nikamshika hiyo mikono. Akaahidi kwamba mwezi ukiisha atasema. Nikakubali, kwa kuwa nami nilitaka mwezi usiishe.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikuwa na kazi kwenye jengo moja la maofisi, refu, ambalo ghorofa ya tano yake ni kliniki ya macho. Alirudi mapema, kabla ya Alasiri, akasema mlango wa lifti huko ulikuwa unakwama, ameupima, sasa umepona. Mimi nilikuwa na mikono ya unga, kwa hiyo sikumpapasa. Akavua shati la kazi akalitupa kwenye beseni, akaoga, akavaa kanzu.

Adhana ikaanza. Nikanawa mikono, nikalichukua lile shati kulitoa njiani, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu.

Nikaugeuza nje. Nikapapasa suruali, mifuko yote, hata ule wa nyuma ambao hautumii. Nikakimbilia mfuko wa vifaa pale mlangoni, nikaumwaga sakafuni: bisibisi, koleo, utepe mweusi, kurunzi. Waya mwekundu hamna. Nikageuka kumwita, nikamsikia kutoka chumbani, "Allahu akbar." Alikuwa ameshaingia kwenye sala.

Nilisimama mlangoni na shati mkononi. Leo watu huniuliza kwa nini sikumkatiza palepale. Kwa sababu nilitaka kuwa nimekosea, ndiyo sababu. Nilijiambia ameuacha kwenye sanduku kubwa la kazini. Nilijiambia kuwa nikimvunjia mtu sala kwa ajili ya waya ulioko kwenye sanduku, atajua namwona amekwisha. Nikajiambia, mara atakapotoa salamu nitamuuliza. Nikaenda kwenye mkeka wangu, nikafunga sala nyuma yake.

Alasiri husomwa kimya. Ndani ya kimya hicho nilikuwa nasikia saa ya ukutani na moyo wangu, na moyo ulikuwa mbele ya saa. Tukarukuu, tukasujudu, tukainuka. Rakaa ya pili nayo ikapita. Nikaomba asahau kukaa, wallahi niliomba hivyo, ili nipate sababu ya kupiga kofi. Lakini siku hiyo hakusahau. Alikaa vizuri kabisa, mguu wa kushoto chini yake, mikono magotini.

Nami nikakaa. Nikaanza kusoma. Maamkizi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Amani iwe juu yako, ewe Nabii. Amani iwe juu yetu, na juu ya waja wema.

Hapo ulimi ukakataa. Niliwaona wagonjwa wa kliniki ya macho. Hutoka mle wametiwa dawa, hawaoni ila ukungu, wengine jicho limefungwa bandeji, wanapapasa ukuta kwenda kwenye lifti. Wakisikia mlango umefunguka wanaingia. Nani kati yao angetazama chini? Nilikuwa nimekaa pale nawatakia amani, na shati lenye mfuko mtupu liko sakafuni nyuma yangu.

Nikapiga kofi.

Mume wangu alishtuka. Hakuwa amekosea, lakini amezoea kuniamini mimi kuliko kichwa chake, basi akadhani ilikuwa ni rakaa ya kusimama. Akanyanyuka. Nikapiga tena. Akarudi kukaa, na nikaona shingo yake imelowa jasho. Nikapiga tena na tena, bila kukoma. Sala yangu nilijua imeshaharibika, sikujali. Sikuwa na neno. Nilichokuwa nacho ni makofi tu.

Akatulia. Nilimwona kwa nyuma akiwaza: nimekaa, si hapo, nimesimama, si hapo, basi kosa liko wapi? Kisha mkono wake wa kulia ukanyanyuka polepole kutoka gotini, ukaenda kifuani, kwenye mfuko wa kanzu, ukatulia hapo.

Akageuka. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukiwa hivyo, na sitaki kuuona tena.

"Nimeuacha," akasema. "Nimeuacha juu."

Simu ilikuwa mezani. Vidole vyake havikushika, nikampigia mimi mlinzi wa lile jengo, ikaita, ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea anatafuna kitu, akaitambua sauti yangu.

"Shikamoo, mama. Sikio hajambo?"

Mume wangu akaninyang'anya simu akaiwasha spika. "Zima lifti."

"Fundi, lifti inakwenda vizuri tu, leo haijakwama hata—"

"Zima! Swichi kubwa, ukutani, hapo nyuma ya meza yako. Izime sasa hivi, usiniulize!"

Tulisikia kiti kikiburuzwa. Tulisikia kishindo cha swichi. Kisha mlinzi akasema, naye sauti imebadilika, "Nimezima. Kuna nini?"

"Lifti iko wapi?"

"Hapa chini kwangu."

"Pita kwa ngazi, angalia mlango wa kila ghorofa. Simu usikate. Ukimkuta mtu mlangoni, mshike."

Akaanza kupanda. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi, funguo zikigongana kiunoni, na pumzi zinazidi kuwa nzito. Mume wangu alikuwa amekaa sakafuni katikati ya bisibisi zilizomwagika, simu ameiweka kwenye kiganja kama anabeba yai. Alikuwa akisema kitu kwa ndani ambacho sikukisikia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kila mlinzi aliposema "hapa pamefungwa," nilivuta pumzi, kisha viatu vikaanza tena na pumzi ikaniishia.

Halafu viatu vikasimama. Tukamsikia akisema, si kwetu, "Mzee! Mzee wangu, simama hapohapo. Usisogee. Nipe mkono."

Mume wangu alifumba macho.

"Fundi." Mlinzi alikuwa ananong'ona. "Ghorofa ya tano. Mlango uko wazi. Ndani giza tupu. Alikuwapo mzee mmoja, macho yote yamefungwa, mwanawe ameingia kufuata dawa akamwambia amngoje hapo. Fimbo yake ilikuwa inatafuta kizingiti. Ananiuliza kama lifti imefika."

"Umemshika?"

"Nimemshika."

"Usimwachie."

"Simwachii, fundi."

Mume wangu aliweka simu chini, akalia. Nilikaa naye sakafuni. Mimi pia nililia.

Alikwenda mwenyewe kuutoa ule waya. Nilifuatana naye, nikapanda zile ngazi zote na magoti yangu haya, kwa sababu sikuwa tayari kumwacha peke yake na mitambo hata dakika moja. Akautoa, akapima kila mlango, akaniita nitazame naye kwamba kweli ameutoa. Kisha hakuutia mfukoni. Alikwenda nao kwa msimamizi akauweka mezani pamoja na funguo, akaeleza yote kuanzia tahiyatu ya kwanza aliyoisahau. Msimamizi alimsikiliza amesimama. Alipomaliza, yule bwana akampa mkono tu. Tulirudi nyumbani tukaisali Alasiri yetu upya, jua limekaribia kuzama.

Daktari alituambia kwa upole tulichokuwa tunakijua. Ugonjwa huu haurudi nyuma, unaweza tu kwenda taratibu. Na kwenye taratibu yake umechukua mengi. Umechukua majina ya wajukuu. Umechukua njia ya kwenda dukani. Siku nyingine ananiita dada. Lile jengo halikumbuki, wala mlinzi, wala mkutano wake na msimamizi, wala kwamba aliwahi kuwa fundi ambaye watu walimwita Sikio. Sala bado anasali, mimi nyuma yake, na tahiyatu anaisoma kwa sauti, kwa kuwa nilimwomba aisome kwa sauti.

Kitu kimoja hakikuondoka. Akifika kwenye waja wema anasita. Namwona mabega yake yanapanda. Anamalizia, anatoa salamu kulia na kushoto, kisha ananigeukia, na uso wake ni uleule wa siku ile.

"Yule mzee," ananiuliza, "alianguka?"

"Hakuanguka, baba watoto. Alishikwa mkono."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nilisikia."

Hushusha pumzi, akakunja mkeka wake, akaenda kukaa dirishani ametulia kabisa. Adhana nyingine ikilia, tunasali, na ananiuliza tena. Nimejifunza kumjibu upesi. Maana nikichelewa kidogo tu, nikiutazama ule uso kwa muda, nami huanza kuogopa kwamba labda alianguka.